Tiyo (mpira wa maji) ya bustani kwa mama mzee: ya kutanuka, ya nyuzi au ya raba? (Goma)

Lengalenga_Himbi: Wandugu, hamjambo? Mama yangu ana miaka 71, vidole vinamuuma, lakini lengalenga (mchicha) na vitunguu vyake haachi. Anabeba maji kwa bidoni (dumu). Dukani nimeonyeshwa tiyo tatu: ya kitambaa inayotanuka maji yakiingia, ya plastiki yenye nyuzi ndani, na nyeusi ya raba. Ile ya kitambaa ni nyepesi, inaingia hata kikapuni! Bustani ina mita 25.

FundiRobine: Maji ya tangi au ya robine (koki) ya mtaa?

Lengalenga_Himbi: Tangi la mvua, limeinuliwa kimo cha mtu hivi.

FundiRobine: Basi ya kitambaa sahau. Inatanushwa na presha, na tangi la mita 2 linatoa presha kidogo mno, kama bar 0.2 tu. Itabaki imekunjamana kama soksi. Chukua pana, robo tatu inchi, nyembamba inabania maji.

MzeeKatindo: Fundi, hiyo ya robo tatu kwa mita 25 ikijaa ina lita 7 za maji, bado uzito wake yenyewe. Huyo mama ataikokota namna gani? Nusu inchi ni lita 3 na kidogo. Na raba ndiyo usiguse kabisa, inadumu lakini ni mzigo.

FundiRobine: Kweli, Papa.

MamaSifa_Ndosho: Nanyi mmesahau mawe! Yangu ya plastiki laini haikumaliza msimu. Kila nikivuta, inasuguana na jiwe lile lile la lava penye kona ya nyumba, mpaka likaipasua. Sasa nimelaza bomba jeusi la robo tatu chini ya udongo hadi katikati ya bustani, nikaweka robine ya pili pale. Ninavuta mita 12 tu, nusu inchi, ya nyuzi. Penye kona nimesimamisha kigogo. Robine iwe ya mkono mrefu, dada, ile ya kuzungusha itamtesa vidole.

Lengalenga_Himbi: Asante mama! Na kuihifadhi? Nilifikiria msumari ukutani.

MzeeKatindo: Msumari unaivunja pale pale inapokunjika. Tundika rimu ya gari kuukuu kivulini, kimo cha kiuno, asiiname. Afunge robine, maji yatoke yote, ndipo azungushe. Isiachwe njiani, atajikwaa. Na ikishinda juani imejaa, maji ya kwanza ni ya moto, yanaunguza miche. Watoto wasinywee humo.

Lengalenga_Himbi: Rimu ya pikipiki je?

MzeeKatindo: Nyembamba mno, itateleza.

Lengalenga_Himbi (wiki mbili baadaye): Nimefanya ya Mama Sifa. Mama amefurahi, ila maji yanafukua vitunguu. Nimefunga chupa ya plastiki mwishoni, nimeitoboa kwa sindano. Sasa yanatoka kidogo kidogo.

FundiRobine: Sindano ni ndogo. Tumia msumari, la sivyo ule mchanga mweusi wa volkano unaotoka mabatini utaziba matundu yote kabla ya Jumapili.