Tiro, 332 KK: walijitakia, au Alexander alipitiliza?

Wadau, kila Tiro, mji wa kale wa Wafoinike katika pwani ya Lebanoni ya leo, inapotajwa kuna watu hufunga mjadala kwa methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mji ulitakiwa ujisalimishe kwa Alexander, mfalme wa Makedonia, ukakataa, basi yaliyowapata waliyataka wenyewe. Mimi sikubali.

Nakiri kwamba mwanzoni Alexander alikuwa na hoja. Novemba 333 KK alimshinda Dario, mfalme wa Uajemi, kwenye vita vya Issus, lakini bahari ilikuwa bado mikononi mwa Waajemi, na sehemu kubwa ya merikebu zao ilikuwa ya Wafoinike. Azemilcus, mfalme wa Tiro, alikuwa huko huko baharini pamoja nao. Kuteremka Misri, alikokuwa akielekea, huku bandari kama ile imebaki nyuma yako ni hatari, sibishi. Watiro nao walitaka wasiwe upande wowote: asiingie Mwajemi, asiingie Mmakedonia. Alexander alipotaka kuingia kumtolea sadaka Melqart, mungu wao ambaye Wagiriki walimwita Herakles, wakamwelekeza kwenye hekalu la Tiro ya Kale, kule bara.

Mji ulikuwa kisiwani, kama mita 800 kutoka pwani. Akabomoa Tiro ya Kale, akakata miti ya Lebanoni, akaanza kujaza bahari ili apate njia ya kupita. Watiro wakaipakia merikebu lami, salfa na kuni kavu, wakaisukumiza kwenye tuta lile, minara miwili ya vita ya Alexander iliyokuwa juu yake ikateketea. (Tuliosikia Ezekieli 26 kanisani tunakumbuka mawe na miti kutupwa majini. Wahubiri wengi humtaja Alexander hapo, ila anayetajwa katika sura yenyewe ni Nebukadreza.)

Sasa wanaomtetea wanijibu hapa. Kabla ukuta haujaanguka, merikebu za Sidoni, Byblos na Arwad, miji mingine ya Wafoinike, zilihamia kwake, zipatazo 80, na wafalme wa Kupro wakamletea nyingine kama 120. Watiro wakafungiwa ndani ya bandari zao mbili. Ile hofu ya bahari ilikwisha siku hiyo, maana Waajemi walikuwa wamepoteza meli zao za Foinike. Yaliyofuata tunayaita mkakati gani?

Mji ulianguka Julai, baada ya miezi saba. Arrian, mwanahistoria wa kale, anaandika kwamba waliuawa 8,000 na wakauzwa utumwani watu 30,000. Curtius, mwanahistoria mwingine wa kale, anaongeza wanaume 2,000 waliotundikwa misalabani kando ya pwani. Na Azemilcus, yule aliyekuwa na meli za adui? Alikimbilia hekalu la Melqart, akasamehewa! Mwenye meli anaachiwa, anauzwa mfinyanzi na mkewe.

Najua nitaambiwa Watiro waliwachinja mateka wa Kimakedonia juu ya ukuta, wenzao wakitazama, kisha wakawatupa baharini. Kweli, Arrian kaliandika, na Curtius anasema hata wajumbe wa amani waliuawa. Ni uovu, siutetei. Lakini waliofanya hayo walikuwa askari na wakubwa wa mji. Watu 30,000 hawakusimama wote juu ya ukuta ule.

Kwa hiyo swali langu ni hili tu: mji ukishatekwa, wapiganaji wakishalala chini, kuwauza waliosalia kulilinda jeshi lipi, na dhidi ya nani? Anayemtetea Alexander aanzie hapo.