Skripti ya Tampermonkey inapaka rangi jedwali, kisha rangi inapotea

Mtunza Stoo: Ndugu zangu, habari za kazi. Mfumo wetu wa stoo hufunguliwa ndani ya kivinjari, na kwa kuwa sina ruhusa ya kuubadilisha, nimeandika skripti ndogo ya Tampermonkey (kiongezi cha kivinjari kinachoendesha skripti zako juu ya kurasa za tovuti) inayopaka rangi nyekundu kila mstari wa jedwali wenye bidhaa zilizobaki chini ya 10. Kuna nyakati rangi haitokei kabisa, na hata ikitokea, nikibonyeza kitufe cha kwenda kurasa zinazofuata za jedwali, rangi yote hupotea. Nimejaribu kuichelewesha kwa setTimeout (amri ya JavaScript ya kusubiri kabla ya kutekeleza) ya sekunde 3, lakini hali ni ileile. Nifanyeje?

Fundi wa Pwani: Tatizo haliko kwenye rangi, liko kwenye wakati. Skripti yako inafanya kazi mara moja tu ukurasa unapofunguka, ilhali data ya jedwali huletwa baadaye kutoka kwenye seva, na ukibonyeza kitufe hicho ukurasa haufunguki upya, bali mistari ya zamani huondolewa na mipya huwekwa mahali pake. Achana na setTimeout, kwani siku mtandao ukiwa mzito hakuna sekunde zitakazotosha. Tumia MutationObserver, chombo cha kivinjari kinachofuatilia mabadiliko ya ukurasa, uielekeze kwenye document.body (mwili wote wa ukurasa) na kuipa childList: true (vitu kuongezwa au kuondolewa) pamoja na subtree: true (hadi vilivyo ndani kabisa), ili kila mistari inapobadilika iite upya kazi yako ya kupaka rangi. Kubadilisha style (mwonekano, kama rangi) hakutaiamsha, kwa kuwa hukuiagiza ifuatilie attributes, yaani sifa za vitu vya ukurasa. Lakini ukiongeza neno au alama ndani ya mstari bila kukagua kama tayari ipo, itaamka, itaongeza tena, itaamka tena, mpaka ukurasa ugande.

Bi Hesabu: Naunga mkono, ila chunguza pia namna unavyosoma idadi. Ikiwa jedwali linaandika 1,200 kwa mkato, parseInt (amri ya kugeuza maandishi kuwa namba) itakurudishia 1, kwa sababu huacha kusoma inapokutana na alama isiyo tarakimu, na bidhaa iliyojaa stoo itapakwa nyekundu. Ondoa mikato kwanza kwa replace(/,/g, ""). Halafu kwenye @match, mstari wa juu ya skripti unaotaja kurasa inakofanya kazi, andika anwani ya ukurasa huo wa stoo peke yake. Nimeona wengi wakiweka nyota ya kuruhusu tovuti zote, jambo ambalo mimi silikubali hata kwa skripti niliyoiandika mwenyewe.