Naomba ushauri: propela ya injini mpya, boti ya Naivasha

Wakuu, niko Nairobi natafuta propela. Boti ni ya faiba, mita 4.5. Tumetoa injini ya mafuta mchanganyiko, tukafunga fo-stroki (ya petroli bila kuchanganya oili) ya nguvu farasi 15, shafti fupi. Kimo cha injini kiko sawa: bamba la juu ya propela liko sentimita 2 chini ya tumbo la boti, propela haivuti hewa hata kwenye kona. Shida ni mizunguko. Mafuta yakifunguliwa yote injini inaishia 4,600 kwa dakika, na kitabu cha injini kinataka 5,000 hadi 6,000. Naivasha ni karibu mita 1,890 juu ya bahari, hewa nyepesi inakula nguvu. Pichi ya propela ya sasa (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ni inchi 10. Kila inchi ikipungua huongeza mizunguko 200 hivi. Nichukue 8, au 7 kwa sababu ya mzigo?