Picha ya kifua ya hospitali inatosha kwa viza ya Uingereza?

Pwani_Moja:
Wakuu, naenda kusoma Uingereza mwaka mmoja kutokea Dar, pamoja na mke wangu na mtoto wa miaka 9. Mke ana ujauzito wa miezi mitano. Nina picha ya kifua ya hospitali, daktari kaandika kifua kiko safi. Itapokelewa? Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, inahitajika?

Kibao_Kata:
Haitapokelewa, mkuu. Kwa viza ya zaidi ya miezi 6 wanataka cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki waliyoiidhinisha wao; orodha iko gov.uk. Kila mmoja wenu awe na cheti chake.

Cheti kinadumu miezi 6, kwa hiyo ukipima mapema mno kitaisha kabla hujatuma maombi. Kuchelewa ndiko kubaya zaidi. Picha ikionyesha kivuli, hata kovu la TB uliyokwisha kupona, utaombwa makohozi siku tatu mfululizo, kisha yanaoteshwa maabara hadi wiki 8 kuona kama vijidudu vya TB vitakua. Muhula hautakusubiri. Pimeni miezi mitatu au minne kabla ya masomo kuanza.

Dada_Wa_Zamu:
Mtoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha, ila lazima mwende naye: daktari atamkagua na kuwauliza maswali, ndipo apewe cheti.

Shemeji aseme ana mimba tangu anapoweka miadi. Ana njia tatu: picha huku tumbo limekingwa kwa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi (miezi mitano inaruhusu), kutoa makohozi, au kusubiri ajifungue. Tafadhali ajue kwamba akichagua makohozi, zile wiki 8 zinamhusu hata akiwa mzima kabisa.

Mzee_Kipimajoto:
Kadi ya njano ni habari nyingine. Uingereza haiidai. Itakufaa ukirudi likizo: ukikaa zaidi ya saa 12 uwanja wa ndege wa nchi yenye homa ya manjano, Nairobi au Addis Ababa kwa mfano, Tanzania inaidai. Inaanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Kagua jina lifanane na pasipoti, na pawe na namba ya toleo la chanjo, sahihi na muhuri. Isiingie kwenye begi la mizigo.

Pwani_Moja:
Ahsanteni sana. Kadi yangu imeandikwa mwisho miaka 10, na imepita.

Mzee_Kipimajoto:
Bado hai. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata zile za zamani. Usiifute wala kuandika juu yake, kadi iliyochezewa hukataliwa.