Mrejesho: diski C ya Windows imepanuka, faili zote zipo
Asanteni wakuu. Swali langu lilikuwa kwa nini "Extend Volume" (chaguo la Windows la kupanua sehemu ya diski) imefifia, haibonyezeki, baada ya kunakili diski ya GB 256 kwenye SSD ya GB 512 kutoka Luthuli (mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi). Kumbe patisheni ya rikavari (sehemu ya diski yenye zana za kurekebisha Windows), MB 600 hivi, ilikaa kati ya C na nafasi tupu, na Windows hupanua C kwa nafasi iliyopakana nayo upande wa kulia tu.

Bekapu kwanza, BitLocker (usimbaji wa diski) ikazimwa, chaja ikachomekwa (stima za huku mnazijua). Kwa Command Prompt ya admin: reagentc /disable (inazima rikavari), kisha diskpart (zana ya kusimamia patisheni), select disk 0, list partition, select partition 4, delete partition override. Namba ya kwako huenda si 4. Linganisha ukubwa kabla ya kubonyeza Enter, maana override haiulizi. Extend ikakubali papo hapo. Mwisho reagentc /enable, kuiwasha rikavari tena. Rikavari sasa inakaa ndani ya C.