Bodi ya ardhi Malindi: "Mama, huna kazi kwenu?"

Mkwezi wa Ganda
Jamani, hadi sasa mikono yanitetemeka. Mwamjua nimsemaye, yule DC mwenyekiti wa bodi, sina haja ya kumtaja jina. Leo ni siku ya bodi ya ardhi, ile itoayo idhini ya kuuza shamba. Watu wamejaa barazani tangu saa mbili, yeye aingia saa sita na nusu, apita kati ya wazee kama tingatinga, kisha amgeukia mama mtu mzima wa Jilore: "Mama, huna kazi kwenu?"

Mama kaja na mumewe, maana shamba la familia halipiti bila mwenzi kukubali. Hati, sachi ya kuonyesha shamba ni la nani, fomu ya idhini, mkataba, vitambulisho, vyote vimo kwenye mfuko wa plastiki, ameukumbatia kama mtoto. Halafu aulizwa kama hana kazi kwao!

Na bodi yakaa mara moja kwa mwezi. Mkubwa akiwa na shughuli, sheria yamruhusu kumteua msaidizi wake kwa maandishi akalie kiti. Barua ya mistari miwili! Miezi 6 ya mkataba ikipita, mauzo ni batili. Huna kazi kwenu? Wallahi siyasahau haya hadi naingia kaburini.

Pweza Mkavu
Wewe nawe wapiga kelele na sheria huijui. Miezi 6 ni ya kupeleka ombi, si ya kupata idhini. Fomu ikipokelewa, dai muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako. Waliochelewa ndio wa kwenda mahakamani kuomba muda.

Mkwezi wa Ganda
Muhuri utaufuta ule mdomo? Kamwambia mama mtu mzima!

Bin Kakuyuni
Mbona hukumjibu pale pale, waja kulia huku? Andikia kamishna wa kaunti. Usiende kwa gavana, huyu si mtu wake. Tangu sheria ya 2013 DC, yule mkuu wa wilaya, ni naibu kamishna wa kaunti, mtu wa serikali kuu. Watu wapoteza nauli hadi Kilifi kwa mlango usiowahusu.

Mama Ubani
Heri nyinyi mna bodi. Sisi chifu atembea na muhuri mfukoni. Kijana ataka kitambulisho, ana cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, amekwama kwa barua moja ya chifu. Chifu yuko matangani, na muhuri uko matangani.

Mtoro wa Faza
Mwalia na mwafika kwa tuktuk! Ofisi ya Lamu Mashariki iko Faza, kisiwani Pate. Mwenye faili akichelewa kutoka Mokowe, huko bara, maji yakapwa Mkanda, ile njia ya boti, boti yakaa kwenye mchanga. Afika, ofisi imefungwa, na gharama ya kulala ni yake mwenyewe.

Mama Ubani
Hata ile injini kubwa haipiti?

Mtoro wa Faza
Injini yafanya nini pasipo maji? Toka alfajiri, na umuulize nahodha kwanza maji yajaa saa ngapi.

Pweza Mkavu
Nauli sasa ni ngapi?