Kampuni ya kuhosti imehamisha tovuti ya ushirika wetu, imeiharibu, na sasa inatunyima logi na kanzidata ya zamani

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu kuilalamikia kampuni ambayo kwa miaka mingi imehosti tovuti ya chama chetu cha ushirika cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma, na ambayo katikati ya mavuno imeihamisha tovuti hiyo kutoka seva ya zamani (kompyuta inayotunza tovuti na kuzituma kwa wageni) kwenda seva mpya, ikaiharibu, kisha ikatuambia kwamba uharibifu huo ni wetu wenyewe. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa ninachotafuta ni kurudishiwa mali ya wakulima, lakini kila neno nitakaloandika hapa nina barua pepe inayolithibitisha.

Tangazo la kuhamishwa lilisema kwamba seva ya zamani itazimwa, kwamba mafaili na kanzidata za wateja wote zitahamishwa usiku na mafundi wa kampuni, na kwamba mteja hatatakiwa kufanya jambo lolote. Hakuna mstari hata mmoja uliotaja kwamba seva mpya inaendesha PHP 8, lugha ambayo tovuti yetu imeandikwa, wakati ile ya zamani ilikuwa inaendesha PHP 5.6, wala kwamba Apache, programu inayotuma kurasa kwa wageni, imepanda kutoka 2.2 hadi 2.4, wala kwamba MySQL, programu ya kanzidata, nayo imebadilishwa toleo. Kwa anayetunza tovuti iliyoandikwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, hayo ndiyo mambo aliyopaswa kuambiwa kabla ya mengine yote, na hakuambiwa hata moja.

Asubuhi iliyofuata kila ukurasa wa tovuti ulijibu kwa hitilafu namba 500. Nilipowasiliana na kitengo cha msaada, jibu la kwanza lilikuwa kwamba nifute kache ya kivinjari, yaani nakala za kurasa kinazozihifadhi, na kujaribu tena. Naomba mafundi wachanga wanaosoma hapa waelewe kwa nini jibu hilo halikubaliki kutoka kwa watu wanaolipwa kwa kazi hii. Namba za hitilafu zinazoanza na 4 maana yake seva inaona tatizo liko kwenye ombi lililotumwa, kwa mfano anwani isiyokuwepo au mahali pasiporuhusiwa kuingiwa. Namba zinazoanza na 5 maana yake seva yenyewe imekiri kwamba imeshindwa kazi. Hakuna kivinjari cha mkulima wa Mpunguzi wala cha mnunuzi wa Dar es Salaam kinachoweza kuizalisha hitilafu 500 kwenye seva ya mtu mwingine kwa sababu tu hakijafutwa kache.

Zaidi ya hapo, hitilafu 500 haimwambii mgeni chanzo chake, na ni sawa isimwambie, kwa sababu maelezo ya ndani ya seva hayapaswi kuonwa na kila apitaye. Chanzo huandikwa kwenye logi ya hitilafu, yaani daftari la seva, ambamo kushindwa huandikwa pamoja na saa na, mara nyingi, jina la faili na namba ya mstari. Kwenye seva ya zamani logi hiyo tuliifungua wenyewe kupitia paneli ya kudhibiti. Kwenye seva mpya sehemu hiyo imeondolewa. Niliomba nitumiwe angalau mistari michache ya mwisho inayohusu kikoa chetu, yaani jina la tovuti yetu, nikajibiwa kwamba logi ni za matumizi ya ndani ya kampuni kwa sababu za usalama. Logi ya tovuti yetu, inayoeleza kushindwa kwa mafaili yetu, kwenye huduma tunayoilipia kila mwaka, tumeambiwa haituhusu. Hili ndilo lalamiko langu la msingi, na mengine yote yaliyofuata yamezaliwa nalo.

Bila logi nililazimika kupapasa. Nililibadilisha jina faili la .htaccess, ambalo hubeba amri za Apache kwa folda, na papo hapo kurasa zisizotumia PHP zikaanza kufunguka, jambo lililoonyesha kwamba Apache ilikuwa inakataa kitu kilichoandikwa humo. Ndani yake kulikuwa na mistari ya php_value ya kuongeza ukubwa wa mafaili yanayopakiwa. Mistari hiyo hufanya kazi pale tu PHP inapoendeshwa ikiwa moduli ya Apache. Seva mpya inaendesha PHP kwa njia ya FPM, yaani ikiwa programu ya pembeni nje ya Apache, kwa hiyo Apache hukutana na amri isiyoijua na kuizuia folda nzima kwa hitilafu 500. Mipangilio hiyo inatakiwa kuhamishiwa kwenye faili la .user.ini, na kazi hiyo ni ya dakika chache kwa anayejua kinachokataliwa. Katika faili hilohilo kulikuwa na amri za mtindo wa Apache 2.2, yaani Order, Allow na Deny, ambazo kwenye 2.4 hueleweka tu ikiwa moduli ya kuzitafsiri imewashwa, na wao hawakuiwasha. Nikaweka Require mahali pake.

Folda ya picha ilileta hitilafu 403, yaani kunyimwa ruhusa ya kuingia. Mhudumu wa msaada akanielekeza niipe ruhusa ya 777. Tafadhali, yeyote asifuate ushauri huo, kwa kuwa 777 humruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika ndani ya folda yako, na kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi ni kumkaribisha yeyote apande faili lake humo. Folda hupewa 755 na mafaili 644, kisha huhakikishwa kwamba mmiliki wake ni akaunti yenu. Mafaili ya folda hiyo yalikuwa yamenakiliwa kwa akaunti ya msimamizi mkuu wa seva na kuachwa hivyohivyo, kwa hiyo hata mimi sikuweza kuyabadilisha ruhusa mpaka wao wenyewe walipoyarudisha.

Baada ya hapo kurasa za PHP zikawa nyeupe tupu. Hapa sababu ni funksheni za mysql_, yaani amri za PHP za kuwasiliana na kanzidata, ambazo zilitangazwa kuwa zinaachwa katika PHP 5.5 mwaka 2013 na kuondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwaka 2015. Kampuni imelishikilia jambo hili na kulirudia katika kila jibu: msimbo wenu ni wa zamani. Ni kweli kwamba msimbo ni wa zamani, na ni kweli kwamba PHP 5.6 haijapata marekebisho ya usalama tangu mwisho wa mwaka 2018. Lakini ni kampuni hiyohiyo iliyoendelea kutuuzia PHP 5.6 mwaka baada ya mwaka baada ya tarehe hiyo, ikipokea malipo bila kututahadharisha, na kisha ikaiondoa kwa usiku mmoja. Kama tungeambiwa miezi mitatu kabla, ushirika ungetenga fedha kidogo, kazi ingefanyika kabla ya msimu, na uzi huu usingekuwepo.

Suluhisho walilonipa ni kwamba niongeze herufi i baada ya neno mysql kila linapotokea. Aliyeandika hivyo hajawahi kuifanya kazi hiyo. Funksheni ya mysqli_query inadai ipewe kiunganishi cha kanzidata kwanza na swali, yaani ombi la taarifa, baadaye, ilhali ile ya zamani ilipewa swali kwanza na kiunganishi ungeweza hata kukiacha. Ukibadilisha majina pekee, kila swali la tovuti linavunjika. Nimelazimika kuandika faili moja la kuunganisha na kanzidata na kupitisha maswali yote humo, nikianzia na kurasa za bei na za mapokezi ya zabibu, kwa sababu hizo ndizo zinazoshikilia riziki za watu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikasirisha kuliko yote. Baadhi ya mafaili ya msimbo wetu wa zamani yalifunguliwa kwa alama fupi ya PHP, yaani <? bila herufi tatu za php zinazofuata. Seva ya zamani iliikubali alama hiyo. Kwenye mipangilio inayopendekezwa kwa seva zinazotumika hadharani, alama fupi huwa imezimwa, na ikizimwa, PHP haitoi hitilafu yoyote: inaliona faili kuwa maandishi ya kawaida na kumtumia mgeni lilivyo. Faili letu la mipangilio, lenye jina la mtumiaji wa kanzidata na nenosiri lake, lilikuwa linatumwa kwa kila aliyefungua tovuti. Kwenye ukurasa lilikuwa halionekani, kwa kuwa kivinjari hulichukulia kama maoni na kulificha, lakini yeyote aliyefungua chanzo cha ukurasa aliliona lote. Nimeligundua nilipokuwa nasoma chanzo hicho kutafuta sababu ya weupe.

Nyuma ya nenosiri hilo kuna majina, namba za simu na kumbukumbu za malipo za wakulima kutoka Hombolo, Mpunguzi, Veyula na kwingineko. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nimebadilisha nenosiri na kuomba nipewe logi ya maombi ya siku hizo, yaani orodha ya kila ukurasa ulioombwa na anwani iliyouomba, ili tujue ni anwani zipi zilizotumiwa kurasa zenye nenosiri hilo. Nimejibiwa tena kwamba logi ni za ndani. Kwa jibu hilo hatuna cha kuwaambia wanachama wetu, na nashindwa kuelewa ni usalama wa nani unaolindwa hapo.

Kanzidata nayo ilifika ikiwa na majeraha. MySQL mpya inakataa tarehe ya sifuri tupu, na fomu yetu ilikuwa inaiweka kwa kila mkulima asiyetaja tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo usajili wa wanachama wapya ulikwama mpaka nilipoiruhusu sehemu hiyo ya tarehe ibaki wazi. Kisha majina yakaharibika. Wakulima wanaotoka Ng'hong'onha walikuta jina la kata yao limechomekwa â€™ kila palipokuwa na ritifaa iliyopinda, na hilo hutokea maandishi ya UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, yanapokuwa yamehifadhiwa kwenye jedwali lililopewa lebo ya latin1, mfumo wa zamani, kisha yakasomwa kwa kufuata lebo badala ya yaliyomo. Mwenye tatizo kama hili asiibadilishe safu ya jedwali moja kwa moja kwenda utf8mb4, jina ambalo MySQL huiita UTF-8 kamili, kwa sababu MySQL itaitafsiri upya ile takataka na kuikaza. Safu hugeuzwa kwanza kuwa ya baiti tupu, yaani BLOB, na baada ya hapo ndipo hugeuzwa kuwa maandishi ya utf8mb4. Na kabla ya yote chukua nakala.

Haya yote niliyoyataja hadi sasa nimeyarekebisha au nipo njiani kuyarekebisha. Lisilorekebishika kwa mkono wangu ni hili. Rekodi za kikoa chetu, ambazo wanazisimamia wao, zilikuwa na TTL, yaani muda ambao mitandao inaruhusiwa kuihifadhi anwani ya seva, ya sekunde 86400, ambazo ni saa 24. Maana yake ni kwamba hata baada ya anwani kubadilishwa, mitandao ya simu iliyoihifadhi anwani ya zamani iliruhusiwa kuendelea kuwapeleka watu kwenye seva ya zamani kwa muda wa siku nzima. Anayehamisha tovuti kwa uangalifu huishusha TTL hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla, kisha huizuia tovuti ya zamani isipokee maandishi mapya, ndipo anaponakili kanzidata. Wao walinakili kanzidata kwanza, wakaiacha tovuti ya zamani ikipokea kila kitu, na TTL hawakuigusa.

Matokeo yake ni kwamba makarani wetu wa vituo vya kupokelea, ambao simu zao zilikuwa bado zinaifikia seva ya zamani, waliendelea kuingiza uzito wa zabibu na majina ya walioleta, wakaona ujumbe wa kuthibitisha kwamba taarifa zimepokelewa, na taarifa hizo zikaandikwa kwenye kanzidata ambayo tayari ilikuwa imeshanakiliwa. Kwenye seva mpya hazipo. Baadhi tumezipata kwenye stakabadhi za karatasi, lakini si kila kituo kilikuwa na karatasi siku hiyo, na zabibu ikishapokelewa na kupelekwa kukamuliwa huwezi kumwambia mkulima airudishe ipimwe upya. Kuna watu wamefikisha mzigo wao na kwenye mfumo hawadai hata shilingi.

Kampuni imekiri kwa maandishi kwamba diski ya seva ya zamani bado wanayo na kwamba itafutwa mwisho wa mwezi huu. Nimeomba nakala ya kanzidata yetu kama ilivyokuwa dakika ilipozimwa, si kama ilivyokuwa usiku wa kuhamishwa. Wamesema huduma hiyo haimo kwenye kifurushi chetu na wamenitumia ankara. Bodi ya ushirika imekataa kuilipa, nami nimeiunga mkono, kwa sababu hakuna aliyewaomba watuhamishe.

Ninadai mambo haya kwao, na najua wanasoma jukwaa hili: nakala hiyo ya kanzidata itolewe bure kabla diski haijafutwa, logi ya hitilafu irudishwe kwenye paneli za wateja wote, na logi ya maombi ya siku ambazo nenosiri letu lilikuwa wazi ikabidhiwe kwa bodi. Ninawaomba pia wateja wengine waliohamishwa usiku uleule wafungue chanzo cha kurasa zao leo na kutafuta alama ya <? ndani yake. Wakiikuta, wabadilishe nenosiri la kanzidata kwanza, kisha waandike hapa chini, ili barua tunayoipeleka kwa wahusika iwe na majina ya taasisi zote zilizoguswa.